Wizara ya Vitu Vinavyokuja

Wapo watu wanaoisema vibaya nchi yetu, na karibu wote wanaishi humo humo. Mimi sikuwa mmoja wao. Nilipoajiriwa na Wizara ya Huduma kwa Umma nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, shahada yangu ya kompyuta ikiwa bado ndani ya bahasha, na kila nilipopita chini ya picha ya Rais pale mlangoni nilihisi kitu kikinijaa kifuani. Niliamini kwamba serikali ni mkusanyiko wa watu wema ambao hawajapata programu nzuri. Naomba msicheke. Niliamini kwa dhati, na kazi yote nitakayoisimulia hapa ilifanywa na watu walioamini kwa dhati.

Nchi yenyewe iko kati ya mto mkubwa na majirani wenye wivu. Jina lake siwezi kulitaja, kwa kuwa limekuwa mbele ya kamati tangu uhuru.

Wizara yetu ilikuwa na programu ya simu iliyoitwa Twaja. Kwa Twaja mwananchi angeweza kuomba chochote ambacho serikali hutoa: cheti cha kuzaliwa, leseni ya kinyozi, kibali cha kuzika, kibali cha rufaa ya hospitali. Ilikuwa programu nzuri, isipokuwa kwamba mwananchi akishabonyeza "Omba", kioo cha simu kiligeuka cheupe, kiduara kikaanza kuzunguka katikati yake, na kikaendelea kuzunguka wiki kadhaa.

Siku yangu ya pili kazini nikatumwa nitafute kinachochelewesha. Nilikagua seva, nikakagua nyaya, na mwisho nikaufuata waya mmoja wa buluu ulioshuka ngazi hadi chini kabisa ya jengo. Huko nilimkuta Mzee Mbiru.

Mzee Mbiru alikuwa amekaa kati ya printa na skana, na mbele yake kulikuwa na mhuri na kidau cha wino. Sheria ya Nyaraka ya nchi yetu inasema kwamba waraka usiogongwa mhuri si waraka. Kwa hiyo kila ombi lililotumwa kwa simu lilichapwa pale kwenye karatasi, Mzee Mbiru akalisoma kwa makini huku midomo ikichezacheza, akaligonga mhuri, akalipitisha kwenye skana, nalo likarudi kuwa la kidijitali. Kwa siku aligonga mihuri mia tatu. Maombi yaliyokuwa yakingoja yalikuwa elfu kumi na moja.

"Babu," nikamwambia baada ya kumwamkia, "mhuri huu si kompyuta ingeugonga yenyewe?"

Akaniangalia kwa huruma. "Kompyuta ina mkono, mjukuu wangu?"

Nikapanda kwa Mkurugenzi, Bwana Shekalaghe, nikamweleza kwamba dawa ni rahisi: tuongeze mihuri arobaini na watu arobaini.

"Binti Mkunde," akasema, huku akifunga mlango, "mhuri wa taifa ni mmoja. Ukiwa na mihuri arobaini una mataifa arobaini. Unataka nchi igawanyike?"

Sikutaka nchi igawanyike.

"Malalamiko yamefika elfu nne kwa wiki," akaendelea. "Mheshimiwa Waziri hali chakula. Nyie vijana mmesoma. Hamkufundishwa kitu cha kupunguza malalamiko?"

Nilikuwa nimefundishwa.

* * *

Mafundi wa programu, nchi zote, wana ustaarabu wao. Mtu anaposubiri ukurasa, hawamwachii kioo kitupu. Wanamchorea umbo la kile kinachokuja: duara la kijivu mahali itakapokaa picha, mistari ya kijivu mahali litakapokaa jina, kisanduku cha kijivu mahali pa mhuri. Juu ya maumbo hayo hupita mng'ao mwembamba, kama mtu anapitisha taa nyuma ya pazia. Jicho linapata pa kutua na moyo unatulia. Ni sawa na kumwambia mgeni, karibu, keti, chai iko jikoni.

Ustaarabu huu una sharti moja, nalo tulifundishwa mwaka wa kwanza: lazima jikoni kuwe na chai.

Nikaandika mistari mia mbili na kumi na miwili ya programu kwa siku nne. Nilihangaikia ule mng'ao mpaka nikauona unapumua. Ijumaa tukaituma kwenye simu za wananchi.

Ijumaa iliyofuata malalamiko yalikuwa tisa. Manane kati yake yaliomba visanduku viwe na rangi.

Bwana Shekalaghe aliisoma taarifa mara tatu. Kisha akavaa koti, akapanda ghorofa ya juu, na aliporudi alikuwa ananiita "mhandisi".

Wiki iliyofuata Mheshimiwa Waziri aliitisha mkutano wa wizara nzima. Waziri wetu aliitwa Profesa Bonaventura Kilagwa. Uprofesa alipewa na chuo ambacho bado kinajengwa. Alisimama, akatunyamazia kidogo ili tuone kwamba anafikiri, kisha akasema:

"Ndugu zangu, kwa miaka sitini tumekuwa tukikosea. Tulidhani mwananchi anataka maji. Tukahangaika, tukachimba, tukakopa. Kumbe mwananchi hataki maji! Mwananchi anataka kuona kwamba maji yanakuja. Ni vitu viwili tofauti, na cha pili ni chepesi kubeba."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana nilidhani ni mzaha wa kiwaziri.

Siku hiyo hiyo visanduku vyangu vilipewa jina rasmi, Vijavyo, na ikaundwa Kamati ya Taifa ya Mng'ao. Kamati ilikaa vikao kumi na vinne kujadili kama mng'ao upite kutoka kushoto kwenda kulia au kulia kwenda kushoto. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba bungeni kushoto hukaa wapinzani, na kwamba mwanga unaotoka kushoto ungeweza kueleweka vibaya. Mwingine akauliza kama mwanga unaoelekea kushoto nao haungeonekana kama serikali inawapelekea wapinzani mwanga. Wakaahirisha mpaka wapate chakula cha mchana. Hatimaye iliamuliwa kwamba siku za kazi utoke kulia, na siku za sikukuu za taifa utoke pande zote mbili ukutane katikati, ishara ya umoja.

Mwanasheria wa wizara naye akaongeza kifungu kidogo chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo: "Mwananchi atakayefunga ukurasa huu kabla ya kuhudumiwa atahesabiwa kuwa amekataa huduma." Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni kwa ajili ya takwimu.

* * *

Chai ya ghorofa yetu ililetwa na Mama Salha. Alikuja saa nne kamili na chupa mbili kubwa za chai na ndoo ya mihogo ya kukaanga, na mwanawe Salha, wa miaka mitatu, amefungwa mgongoni kwa kanga. Askari wa getini, ambaye aliwahi kumzuia katibu mkuu mzima kwa kusahau kitambulisho, hakuwahi kumzuia Mama Salha.

Asubuhi moja, baada ya kunimiminia chai, hakuondoka.

"Mwanangu Mkunde, hebu niangalizie kitu. Wewe umesoma."

Akanionyesha picha ya Salha kwenye simu yake. Mtoto anacheka, ana muhogo mkononi. Jicho la kulia lilikuwa jeusi kama la mtoto yeyote. La kushoto lilikuwa na weupe ndani ya mboni, kama macho ya paka yakimulikwa.

"Nilidhani ni simu mbovu," akasema. "Nikampeleka kwa daktari wa wilaya. Kasema ni uvimbe, ndani ya jicho. Kasema nikimfikisha hospitali ya rufaa ndani ya wiki mbili, jicho litapona. Nikimfikisha ndani ya siku arobaini, jicho halitapona ila mtoto atapona. Baada ya hapo..." Alimvuta Salha mbele, akampangusa mafuta ya muhogo mdomoni. "Baada ya hapo hakusema kitu. Alianza kuandika. Kasema lazima nipate kibali cha wizara, bila hicho getini hawanipitishi. Kibali kinapatikana wapi, mwanangu?"

Hapa mjue nilivyokuwa na furaha. Ndicho nilichosomea. Nilichukua simu yake, nikafungua Twaja, nikajaza ombi kwa mikono yangu: jina, umri, kata, ugonjwa. Nikabonyeza. Vile visanduku vikatokea, vinang'aa, vizuri kweli kweli.

"Hapa kwenye duara ndipo itakapokaa picha ya Salha," nikamwonyesha. "Hapa jina lake. Hapa chini kwenye kisanduku, mhuri."

"Ehee," akasema, uso umefunguka. "Kumbe tayari wameshamwekea nafasi."

"Wameshamwekea. Ila usifunge ukurasa."

"Nifunge nina wazimu?" Akaiweka simu ndani ya kanga, kifuani, kioo kikiwaka, akabeba chupa zake. "Salha, mwambie dada ahsante."

"Ahsante dada," akasema Salha, akaniangalia kwa jicho lake moja na lile jingine.

* * *

Wiki hiyo hiyo niliteuliwa kuambatana na Mheshimiwa Waziri mikoani, kwa kuwa Vijavyo vilikuwa vimetoka kwenye simu na kuingia nchini.

Tulizindua zahanati. Rafu zake zilikuwa zimejaa maboksi ya kijivu yenye umbo la dawa; chupa kwa umbo la chupa, tembe kwa umbo la tembe. Juu ya rafu palifungwa waya, na muuguzi alivuta taa juu yake kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, kwa mujibu wa Kamati. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi wakitazama. Waziri akamuuliza bibi mmoja anajisikiaje.

"Homa iko pale pale, mheshimiwa," bibi akajibu, "lakini sasa nina cha kuangalia."

Ikaandikwa magazetini kama ilivyo.

Tulizindua shule. Mbele ya darasa palitundikwa kitambaa cha kijivu chenye umbo la mwalimu, mkono mmoja juu kama anaandika ubaoni. Tulipoingia watoto wote sabini walisimama. "Shikamoo mwalimu!" wakakiambia kitambaa, wakabaki wamesimama wakingoja marahaba. Tulipoondoka baada ya hotuba tatu walikuwa bado wamesimama.

Tulizindua daraja. Juu ya mto mkubwa palivutwa turubai la kijivu, upana wa barabara, kutoka ukingo hadi ukingo, na taa zikapita juu yake. Nadhani lilikuwa zuri kupita daraja. Mkuu wa mkoa aliwataka madereva wawe na imani. Dereva mmoja wa lori la saruji alikuwa nayo.

Katika hotuba ya mazishi yake Waziri alisema marehemu alikuwa mbele ya wakati wake.

Mtaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika kompyuta, nikihesabu malalamiko, na kwa kuwa hesabu ilikuwa inashuka niliandika kwamba mambo yanakwenda vizuri. Dereva yule hakulalamika. Nilipiga simu kwa Mama Salha mara moja, siku ya tisa, nikamuuliza kibali kimefika wapi. "Kinakuja, mwanangu," akasema. "Wala usiwe na wasiwasi, ninakiona." Nikafurahi. Nikakata simu, nikaenda kula.

* * *

Nilirudi siku ya thelathini na moja tangu tutume lile ombi. Saa nne kamili Mama Salha aliingia na chupa zake. Alikuwa amekonda. Salha alikuwa mgongoni, jicho la kushoto limefunikwa na kitambaa cheupe, naye hakutaka muhogo.

"Pole na safari, mwanangu," Mama Salha akasema, akatoa simu kifuani. Ilikuwa imeunganishwa na betri ya kubeba mkononi, na betri ile imeunganishwa na nyingine kiunoni. "Tazama. Leo naona inang'aa zaidi ya jana. Au macho yangu?"

Duara la kijivu. Mistari ya kijivu. Kisanduku cha mhuri.

Niliufuata waya wa buluu ngazi kwa ngazi hadi chini.

Printa ilikuwa imezimwa na ina vumbi. Kwenye kiti cha Mzee Mbiru palikuwa na boksi la kijivu lililokatwa kwa umbo la mzee aliyeinama. Feni ilikuwa inaisukuma taa juu yake, huku na huko.

"Mzee Mbiru yuko wapi?" nikamuuliza askari wa pale chini.

"Amestaafishwa, dada, zamani. Wino uliisha. Wiki tatu hakugonga hata mhuri mmoja, na hakuna mwananchi aliyelalamika. Waziri akasema, basi huyu mzee kumbe alikuwa anafanya nini?"

Nilipanda ngazi mbili mbili. Bwana Shekalaghe alikuwa anakunywa chai ya Mama Salha.

"Mkurugenzi, hakuna kitu nyuma ya visanduku."

"Hakuna kitu kwa maana ipi?"

"Maombi hayasomwi! Hayachapwi, hayagongwi mhuri, hayaendi popote! Watu elfu thelathini wanatazama picha!"

"Punguza sauti, mhandisi." Akaweka kikombe chini. "Una uhakika gani kwamba haviji? Kwamba havijafika, hilo nakubali. Lakini kwamba haviji, hilo ni la Mungu kulijua."

"Kuna mtoto anakufa, Mkurugenzi. Mtoto wa huyu mama anayekuletea chai."

Aliitazama chai. Nilidhani imemgusa, nikamshukuru Mungu. Lakini alikuwa anafikiria utaratibu.

"Hilo ni jambo zito," akasema. "Lilete kwa maandishi. Fungua Twaja, sehemu ya malalamiko."

* * *

Nilimfuata Mama Salha kwenye ujia, akiwa anaokota vikombe. Nikamwambia yote. Nikamwambia hakuna kibali kinachokuja, kwamba hakijawahi kuwa kinakuja, amchukue mtoto aende leo hii hii.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu.

"Mbona nakiona?"

"Ni picha tu, mama. Nimeichora mimi."

"Uliniambia hapa ni picha yake. Hapa jina. Hapa mhuri."

"Nilikuambia hivyo."

"Sasa nishike lipi? Hapa chini pameandikwa nikifunga nimekataa huduma. Nimekaa nayo siku thelathini, silali ubavu usije ukagusa kioo. Nikifika getini waniambie mama wewe ulikataa, nitasema nini? Kwamba Mkunde kaniambia?" Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha kwa sababu ya mtoto. "Wewe una nia njema, mwanangu. Lakini wewe ni mtu mmoja. Hii ni serikali."

Akabeba vikombe akaondoka, kioo kikiwaka kifuani pake.

Hapo ndipo nilipokasirika. Naomba mnisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa nimelelewa vizuri. Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Sikumkasirikia Waziri tu. Niliukasirikia ule mng'ao, jinsi nilivyouhangaikia mpaka ukapumua. Mama yule hangeamini neno langu wala neno la daktari. Angeamini kioo peke yake, na kioo kilikuwa changu.

Nikakaa kwenye kompyuta. Kwanza niliyafungua maombi ya rufaa ya watoto, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyafungua. Yalikuwa mia moja na kumi na manne. Niliyasoma yote, jina kwa jina, kata kwa kata, kwa sababu niliona aibu yasisomwe hata na mtu mmoja. Kisha nikafuta ile mistari mia mbili na kumi na miwili, nikaandika sentensi tatu:

"Hakuna kinachokuja. Ombi lako halijasomwa na mtu yeyote. Nenda mwenyewe."

Saa nane na robo mchana nikazituma kwenye simu zote za nchi.

* * *

Huduma ilirejeshwa saa kumi na robo. Saa mbili tu, lakini Waziri alizieleza kwenye redio kama saa za giza kuu. "Serikali haijawahi kushindwa kuleta kitu," alisema. "Ni wananchi wachache ambao, kwa uchochezi, wameshindwa kusubiri."

Mimi nilikamatwa kabla sijainuka kitini. Nilishitakiwa kwa kosa la kuinyima jamii huduma ya kusubiri, ambalo liliandikwa siku hiyo hiyo. Inspekta aliyenihoji alikuwa mtu mpole.

"Unakubali kwamba uliwaambia wananchi hakuna kinachokuja?"

"Nakubali."

"Ulikuwa na ushahidi?"

"Nenda chini kwenye jengo ukaangalie."

"Sijakuuliza kama ni kweli," akasema kwa upole. "Nimekuuliza kama ulikuwa na ushahidi. Ushahidi ni waraka. Na waraka..." Akafungua mikono, kama mtu aliyesikitika kweli.

Nje ya kituo watu walikuwa wamekusanyika. Nilisikia kelele nikadhani wamekuja kunitetea. Niliweka sikio dirishani.

"Alikuwa anatuonea wivu huyo!" mwanamume mmoja alikuwa anapaza sauti. "Leseni yangu ilikuwa inakaribia! Miezi minne nimeilea!"

"Angalau tulikuwa tunaona kitu," mwingine akasema.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Nilitamani kuwachukia, nikashindwa. Miezi minne mtu amekishika kitu kiganjani kinang'aa. Anayemwambia hakipo ndiye anayemnyang'anya. Nani aliwafundisha hivyo? Nilijua nani.

* * *

Mama Salha alikuja siku ya ishirini na mbili ya kufungwa kwangu. Alikuja na chupa moja ya chai, na askari wa mahabusu, kama askari wote wa nchi yetu, alimpitisha bila kumuuliza, naye akamimina vikombe viwili, kimoja cha askari.

Hakuwa na mtoto mgongoni.

Alinitazama, akanihurumia.

"Yuko kwa dada yangu. Anakula."

Nilishika nondo.

"Niliiona ile sentensi yako nikiwa jikoni," akasema. "Niliisoma mara tatu. Nikazima simu. Unajua sikuwa nimeizima siku thelathini na moja? Ilikuwa ya moto kama jiko. Nikampakata Salha tukapanda basi la jioni."

"Na getini?"

"Getini nilibeba chupa. Nikasema nimeleta chai ya wadi ya macho. Wakasema pita mama." Hakutabasamu. "Daktari akampokea hapo hapo. Wakamtoa jicho kesho yake. Kasema ule uvimbe haujasambaa mwilini. Kasema atakua."

"Mama, nisamehe."

"Ngoja nimalize. Baada ya yote nikamwambia yule daktari, ahsante baba kwa kunipokea bila kibali, maana kibali nilikisubiri kikakwama. Akaniuliza, kibali gani? Nikamweleza. Akamwita mwenzake, wakatazamana. Kasema, mama, hapa wadini hakuna anayekisoma kibali. Kinaishia getini, wanakitupia kwenye pipa. Mtoto akifika tunamtibu. Ungekuja siku ile ile." Kikombe cha chai kilikuwa kimepoa mkononi mwake. "Siku ile ile, Mkunde. Angekuwa na macho mawili."

Nilirudia kwamba anisamehe.

"Sikuja kukusamehe," akasema, bila ukali. "Hilo tutalizungumza nikipata nafasi. Nimekuja kukuuliza kitu. Walipokuwa wanamfunga bandeji nilitoka kwenye ujia, nikawaza, mimi nilikuwa namletea mhandisi mwenyewe chai. Mhandisi ananijua kwa jina. Na bado nikakaa siku thelathini na moja. Sasa wale wasiomjua mtu? Wako wangapi?"

"Watoto?"

"Watoto."

"Mia moja na kumi na wanne. Mia moja na kumi na watatu bila Salha."

"Simu zao zimerudishiwa yale mavisanduku?"

"Zimerudishiwa."

Alivuta pumzi. Kisha akaingiza mkono ndani ya kanga akatoa daftari la shule, la mistari, na penseli iliyochongwa kwa kisu, akavipitisha kati ya nondo.

"Unawakumbuka?"

Nilifumba macho. Joha binti Mkopi, miaka mitano, kata ya Majengo Mapya, moyo. Elifadhili Sanga, miezi minane, kata ya Kilimani, kichwa. Walinijia mmoja mmoja kama watoto wanaoitwa kwenye mstari.

"Wengi," nikasema. "Nadhani karibu wote."

"Andika majina na kata. Nyumba nitazitafuta mwenyewe. Nina chupa nne za chai, na wadogo zangu wawili, na shoga zangu wa sokoni. Geti sasa nalijua."

Nikakaa sakafuni nikaandika. Penseli ilikuwa butu, na sikutaka kukosea hata herufi moja. Nilikuwa nimefika jina la kumi na sita askari aliposogea, akaweka kikombe chake kitupu kwenye dirisha na kugonga nondo kwa funguo.

"Muda umekwisha, mama. Toka."

Mama Salha hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu, macho yake yako kwenye penseli.

"Subiri," akamwambia.

"Nimesema muda..."

"Na mimi nimesema subiri!" Sauti ile ilijaa ujia mzima, na milango miwili mitatu huko nyuma ikafunguka. "Unajua kusubiri wewe? Kaa hapo ujifunze."

Askari akaduwaa, funguo mkononi. Akatazama mlango, akatazama kikombe, akatafuta benchi.

"Wa kumi na saba," akasema Mama Salha. "Andika."